Swali la Bati na Siku Tisa Nilizonyamaza

Mpendwa Renilda, mwanafunzi wangu,

Nimeisikiliza sauti uliyoituma kwenye kundi la wanafunzi wangu wa zamani. Nimeisikiliza nusu. Ulipofika pale unaposema, "Mwalimu aliacha kazi zake, akapanda lori, akaja kambini kunitafuta," niliizima simu nikaisukuma chini ya mto kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Baadaye wenzako wakanipigia mmoja mmoja, wengine wanalia, wananiuliza kwa nini sikuwahi kuwasimulia habari hiyo. Wakadhani ni unyenyekevu. Wewe unanijua vizuri, unyenyekevu sikujaliwa.

Sasa wanataka kuniaga rasmi ninapostaafu. Wamepata ukumbi, wameshachagua kitambaa cha sare, na wewe umeahidi kuja kutoka Makamba, ng'ambo ya mpaka, usimame mbele ya watu uisimulie tena. Kabla hujapanda gari kuja huku, kuna jambo lazima ulijue. Ukishalijua unaweza usije kabisa, na sitakulaumu. Ninaliandika hapahapa kwenye kundi, wote wasome, kwa sababu sifa ulinipa hadharani na mimi nikazila hadharani. Kukunong'oneza pembeni halafu nikakae mbele nivishwe shada, hapana, hilo limenishinda.

Nilikufundisha kwamba hesabu huandikwa hatua kwa hatua, na mwenye kuruka hatua anamficha msomaji kitu. Basi nami ninaandika zote, hata zile zinazoniaibisha.

Uliletwa kidato cha tano katikati ya mwaka, ile miaka ambayo barabara ya Kasulu ilikuwa haiishi malori ya wakimbizi. Ulivaa sketi ya mtu mwingine, umeikunja kiunoni mara mbili, na mkononi una bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na kibali chako, karatasi yenye mhuri wa kambi, inayosema mwenye hati hii anaruhusiwa kukaa Kigoma mjini kwa ajili ya masomo. Kwa ajili ya masomo tu. Shule ikikuacha, kibali kinakufa siku hiyohiyo. Mkuu wa shule alikieleza hivyo mbele yangu, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nilikuwa na wanafunzi thelathini na saba, ukawa wa thelathini na nane. Ulisema shikamoo kwa sauti ndogo. Badala ya kukuambia karibu, nikakuuliza palepale mlangoni mteremko wa x mraba ni nini, maana ndivyo nilivyokuwa nikipokea wageni. Ukajibu, mbili x. Nikasema kaa. Hayo ndiyo makaribisho uliyoyapata kwangu.

Ulikuwa unalala Buzebazeba kwa mama mmoja wa kanisa lenu. Mama yako alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, tumbo linamsumbua tangu kambini, na baba yako alibaki kambini na wadogo zako kwa sababu yeye hakupewa kibali. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa mikononi mwako peke yako. Kila siku uliomba kutoka dakika kumi kabla ya kengele, uwahi saa ya kuona wagonjwa, na chupa yako ya uji iko chini ya dawati. Siku nyingi nilikunyima. Nilikuambia kalkulasi haiwasubiri wanaotaka kutoka. Ulikuwa ukikaa tena, unainamisha kichwa, unaendelea kuandika, na kengele ikilia unatoka mbio hadi wenzako wanacheka.

Nilipenda akili yako, hilo usilitilie shaka. Lakini daftari lako sikuwahi kuliangalia vizuri. Siku zile niliwaambia mbadilishane madaftari msahihishiane, mimi nasoma majibu kwa sauti, nyie mnaweka vema au kosa. Ilikuwa njia ya kupumzisha macho yangu. Ndiyo maana sikujua jinsi unavyofanya kazi mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka.

Swali la mwisho la mtihani ule nililitunga mwenyewe. Nilikuwa Ujiji sokoni, nikasimama kwa fundi bati aliyekuwa akitengeneza trei za kuokea mikate. Alikuwa anakata mraba mdogo kwenye kila pembe ya bati, halafu anakunja kingo nne kwenda juu, trei imekamilika. Nikamuuliza anajuaje akate kiasi gani. Akanijibu kwamba mkono unajua. Nikarudi nyumbani Katubuka nimefurahi kama mtoto, nikaandika: bati la mraba lina upande wa sentimeta sitini, ukate mraba wa ukubwa gani kwenye pembe ili trei ibebe ujazo mkubwa kuliko wote? Sikulitoa kwenye kitabu chochote.

Asubuhi ya kusahihisha nilianza na karatasi chache za juu, yako ikiwa ya nne. Nikafika kwenye swali la bati. Kwenye nafasi ya kazi kulikuwa na kivuli cha penseli, karatasi imesuguliwa kwa raba mpaka imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hakuna mstari hata mmoja. Chini kabisa, kwa kalamu ya wino, umeandika: x = 10. Ujazo ni 16,000.

Nikachukua karatasi, nikalifanya swali mwenyewe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulifanya, maana mwongozo wa majibu nilikuwa sijauandika. Nikapata kumi. Nikapata elfu kumi na sita. Hapo damu ikanipanda. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi huchemka kabla jiko halijawashwa, na siku ile maneno yake yalitimia. Jibu sahihi bila hatua, na karatasi imefutwafutwa. Kwangu hiyo ilikuwa na maana moja tu: amenakili kwa mtu, kisha akafuta alichokuwa amekosea.

Niliingia chumba cha walimu nikiipunga karatasi yako. Nilipaza sauti. Walimu wa hesabu wote pale walikuwa wanaume isipokuwa mimi, na nilitaka waone kwamba kwangu hakuna mchezo. Mkuu wa shule akaita kikao, nawe ukaitwa. Nikakuuliza hatua ziko wapi.

"Nimezifuta, Mwalimu."

"Kwa nini umezifuta?"

Ulinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ameosha sahani baada ya kula.

"Nilikuwa nimemaliza nazo," ulisema.

Mmoja wa walimu akacheka. Nikaona ni jeuri, unanichezea mbele ya watu. Mkuu akasema usimame masomo mpaka bodi ikae, akaandika barua, na kwa kuwa wewe ni wa kibali, barua ikabidi iende kambini pamoja nawe siku ileile. Hukulia. Uliuliza jambo moja tu, na ulimuuliza nani? Uliniuliza mimi.

"Mwalimu, mama yuko wodini. Nani atampelekea uji?"

Nikakujibu, "Ungemfikiria mama yako kabla hujaiba."

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyotoka. Sikuipunguza makali. Hapo ndipo ulipoacha kunitazama.

Hayo yote unayajua. Ulisimulia kwa upole, ukasema Mwalimu alikosea kama binadamu yeyote, halafu akaja kukutafuta mara tu alipojua. Mara tu alipojua. Sasa nisikilize, maana hapa ndipo hatua uliyorukishwa ilipo.

Uliondoka saa nane mchana. Mimi nikarudi kwenye karatasi zangu. Nikasahihisha wa tano, wa sita, wa kumi, wa ishirini. Wengi hawakuligusa swali la bati. Wengine walichora bati wakaishia hapo. Mmoja alipata x ni kumi na tano, mwingine akapata jibu lenye alama ya kutoa, yaani trei iliyo chini ya sifuri. Ilipofika saa kumi alasiri niliifunga ya mwisho. Katika watu thelathini na wanane, mtu aliyepata kumi alikuwa mmoja.

Nikabaki nimekaa. Ungenakili kwa nani? Kwa aliyepata kumi na tano? Kwenye kitabu gani, wakati swali lilitoka kichwani mwangu? Kwenye mwongozo upi, wakati nilikuwa sijauandika? Dunia nzima haikuwa na karatasi yenye jibu lile, isipokuwa yako, na baadaye yangu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeiona. Nami niliiona, Renilda. Saa kumi alasiri ya siku ileile, lori lako halijafika hata Kasulu, nilijua kwamba hukuiba.

Ofisi ya mkuu ilikuwa hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Sikwenda.

Usinitafutie udhuru, nakujua una roho hiyo. Sikuwa mgonjwa wala sikutishwa na mtu. Niliona haya tu. Nilikuwa nimepiga kelele mno asubuhi kiasi kwamba kurudi alasiri kusema nimekosea kulinishinda. Nilisikia kabisa masikioni namna watakavyosema, Madam wa hesabu kashindwa kuhesabu. Nikajiambia bodi itakaa, mambo yatajirekebisha yenyewe, jina langu halitaguswa. Kesho yake nikajiambia vilevile. Nikaenda kanisani Jumapili nikaimba. Nikala samaki, migebuka, nikalala usingizi, asubuhi nikafundisha. Kila siku ilikuwa rahisi kidogo kuliko ile ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikijikumbuka.

Siku ya saba, mama aliyekuwa akifagia madarasa, naye ni wa kanisa lenu, alinisimamisha koridoni. Akaniambia mama yake Renilda amefariki alfajiri, mwili wanaupeleka kambini kuzikwa. Nilikuwa na chaki mkononi. Nikasema pole, nikaingia darasani, nikamaliza kipindi. Unaona ninavyoandika? Nikamaliza kipindi.

Siku ya tisa nikashindwa. Nikaomba lori lililokuwa linarudi tupu kufuata mkaa, nikapanda mbele na dereva, tukapita Kidahwe, vumbi limetufunika mpaka tunafanana. Getini kambini nikasema mimi ni mwalimu, nimekuja kutoa pole. Wakanionyesha njia katikati ya vibanda vya udongo na turubai.

Baba yako alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, na mbele yake watoto kama kumi na mmoja. Nilidhani ni wafiwa. Kumbe walikuja kumpa pole mwalimu wao, naye kwa kutojua la kufanya na mikono yake, akawaambia wakae, akaanza kuwafundisha. Nafasi ilikuwa finyu, jiko la jirani liko hapa, kamba ya nguo iko pale. Kila mtoto alikuwa na kiwanja chake cha mavumbi cha ukubwa wa ungo, na kijiti. Mzee akasema mlinganyo, wakauandika chini. Akawauliza kama wanauamini. Wakaitika "Ego!", yaani ndiyo. Basi kila mmoja akapitisha kiganja, akafuta, na mahali palepale akaandika mstari unaofuata. Wakauamini, wakaufuta. Mstari mmoja tu ndio ulioishi kila wakati. Hawakuwa na daftari, chaki wala ubao, na ardhi yenyewe ilikuwa ya kugawana. Wakamaliza hesabu nzima, na chini hapakuwa na kitu isipokuwa jibu.

Kuiba nilishajua hukuiba, lakini sasa nikaelewa ulichomaanisha uliposema ulikuwa umemaliza nazo. Ulikuwa umekaa kwenye chumba cha mtihani na karatasi nzima nyeupe mbele yako, bado unafanya hesabu kwenye nafasi ya ukubwa wa ungo.

Mzee aliponiona alisimama, akavua kofia. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Badala yake akasema kwa Kiswahili chake cha kule kwenu:

"Karibu, Mwalimu. Unisamehe kwa huyu mutoto. Mimi sikumufundisha kuiba."

Aliniamini mimi, Renilda. Alifundisha miaka mingi kwao kabla ya vita, na kwake mwalimu hawezi kumsingizia mwanafunzi. Barua ya shule aliisoma, akaikunja, na tangu ulipofika hakusema nawe. Hata kaburini, nilikuja kuambiwa, mlisimama mbalimbali. Wewe wakati huo ulikuwa nyuma ya kibanda unasugua sufuria za msibani, na hukutoka kuniangalia.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema yote. Nikasema nusu. Nikasema, "Mzee, mtoto wako hakuiba. Kosa ni langu. Leo nimewaona hawa wanavyofuta ndipo nimejua."

Leo ndipo nimejua. Huo ndio uongo wangu. Ulikaa vizuri sana, kwa sababu karibu wote ulikuwa kweli.

Mzee akakuita. Alikushika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa haraka maneno ya Kirundi ambayo sikuyashika, ukalia kilio ambacho nadhani ulikuwa umekihifadhi tangu chumba cha walimu. Halafu ukanigeukia mimi, mimi hasa, ukanikumbatia na mikono yako ya majivu. Ukasema asante kwa kuja. Tangu siku ile ukaacha kuniita Mwalimu, ukaniita Mama. Nikaitika.

Ulirudi shuleni juma lililofuata. Nilimwomba mkuu walimu walewale wakae, nikakuweka ubaoni na swali la bati. Nakumbuka chaki ilivyokuwa ikikatika mkononi mwako. Ukaandika: kitako cha trei ni 60 − 2x kila upande, kimo ni x, kwa hiyo ujazo ni x(60 − 2x)². Mkono wako wa kushoto ukapanda wenyewe kufuta. Nikakuita jina lako, ukaushusha. Ukafungua mabano: 3600x − 240x² + 4x³. Mkono ukapanda tena, ukaushika kwa huu mwingine. Ukatafuta mteremko: 3600 − 480x + 12x². Ukasema kwa sauti kwamba trei inapojaa kuliko zote, mteremko ni sifuri, haipandi tena na haijaanza kushuka. Ukagawa kwa kumi na mbili: x² − 40x + 300 = 0. Ukaigawa katika mabano mawili: x ni kumi, au x ni thelathini.

Mwalimu yule aliyecheka siku ile akakuuliza, mbona kwenye karatasi uliandika kumi tu, thelathini imekwenda wapi? Ukamwambia thelathini inalikata bati lote, hakuna trei, mikate itakaa hewani. Chumba kikacheka, na safari hii walicheka pamoja nawe. Mistari yako yote ilikuwa imesimama ubaoni kuanzia juu mpaka chini. Ulirudi nyuma ukaitazama, ukasema kwa mshangao kwamba hukujua ni mirefu hivyo.

Baada ya hapo ukawa unakuja kwangu Katubuka kila Jumamosi mchana. Barazani kwangu tulikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, tumeuwekea kipande cha tofali. Nilikununulia madaftari makubwa nikakukataza penseli. Ulikuwa ukikosea kwa wino, unasonya, unataka kuchana ukurasa, na mimi nakushika mkono. Nilikuambia kosa linaloonekana linakupa alama mbili za hatua, lililofutwa halikupi hata moja. Ulinicheka, ukasema mimi napenda makosa ya watu. Uliniambia mambo ya kwenu, mashamba ya chai uliyoyaacha una miaka saba, jinsi mlivyotembea. Hayo nayo ulikuwa ukiyasimulia kwa jibu tu: tulitoka, tukafika. Nikikuuliza katikati kulikuwa na nini, unasema umeshasahau. Halafu tukiwa tunasafisha dagaa, bila kuulizwa, unatoa mstari mmoja. Juma jingine, mwingine. Sikukuharakisha. Yale mambo ya Jumamosi yalikuwa mazuri, Renilda. Ninayashika kwa mikono yote miwili, hata kama sikustahili.

Ulifaulu kidato cha sita, ukaja kunionyesha matokeo umevua viatu ili ukimbie vizuri. Kisha watu wakaanza kurudi kwenu. Baba yako alirudi na wadogo zako, wewe ukafuata. Sasa ni mwalimu wa hesabu, na unaniambia wanafunzi wako wanalalamika unawadai hatua mno. Mzee naye alipumzika mwaka juzi. Ulinipigia ukaniambia mpaka mwisho alikuwa akinitaja, yule mwalimu aliyekuja. Nilisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Nikakata simu nikakaa jikoni mchana kutwa, nimeacha mboga inaungua.

Umeniuliza mara nyingi mbona sipendi kusifiwa kwa ile safari. Ndiyo hii sababu. Niliendesha mambo hivi: nikasema nimekuja kwa sababu nimejua, wakati nilijua nikakaa. Kati ya kujua na kuja kuna siku tisa. Ndani ya hizo, siku sita mama yako alikuwa hai, na ningetembea hatua ishirini mpaka ofisini, ungekuwa pembeni ya kitanda chake. Hiyo si bahati mbaya, ni mimi. Naomba unisamehe. Ukishindwa, ninaelewa, na tena sitakutumia mtu wa kukubembeleza.

Imebaki hatua moja, nayo ndiyo iliyonikaba miaka yote.

Siku ya nne nilikwenda hospitali. Alasiri, saa ya kuona wagonjwa. Sikuwa na mpango, miguu ilinipeleka. Nilikuwa na uji kwenye chupa, nimeupika mwenyewe, wa ulezi. Nikaonyeshwa kitanda. Mama yako alikuwa amegeukia mlango. Aliponiona nimevaa kama mwalimu, na chupa mkononi, akajua natoka kwako. Akaniuliza, "Renilda ari hehe?" Kiha changu, kilicho ndugu wa Kirundi chenu, kilinitosha kuelewa kwamba anauliza uko wapi.

Nikamwambia yuko kwenye mtihani.

Akafurahi. Nilimnywesha vijiko vitano au sita, akatosheka. Nikamfuta mdomo. Nilipoinuka kuondoka, akanishika kitambaa cha gauni, akanipa ujumbe nikuletee. Nikamwahidi. Kama ningekuletea, ungeniuliza nilionana naye lini, na ningelazimika kusema siku ya nne, na wewe hesabu unajua. Kwa hiyo nikaubana. Baba yako amekufa bila kuusikia. Wewe una watoto wawili sasa na bado hujaupata, nao ni mali yako, si yangu.

Alisema hivi: "Mumuambie asije mbio. Hapa kitandani nasikia miguu yake kila siku anavyokimbia, naogopa ataanguka. Amalize kwanza kazi yake. Mimi nipo, nitamungoja."

Mwalimu wako wa hesabu,
Katubuka, Kigoma